Msonobari Mweupe na Kutu: Jitu Linaloangushwa na Vumbi

Mkulima wa ngano wa Njoro akiona mashina ya ngano yake yamepakaa vumbi jekundu, hana haja ya kuuliza ni nini. Ajua ya kuwa kutu imeingia shambani, na huenda magunia aliyoyatarajia yasipatikane. Mkulima wa kahawa naye anaijua kutu ya majani, ile yenye madoa ya rangi ya machungwa upande wa chini wa jani. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba kutu haiishii kwa mimea midogo ya shambani. Huko Amerika ya Kaskazini iko kutu iuayo mti mrefu kupita mnara wa msikiti, mti ambao baba wa babu angeweza kuuona mchanga na mjukuu wa mjukuu akaukuta ungali unasimama.

Katika makala haya tutavilinganisha viumbe hivi viwili, msonobari mweupe na kutu yake. Kimoja ni kikubwa na kingine hakionekani kwa macho mpaka kiwe kimekwisha kufanya madhara. Tutaona wapi vinafanana na wapi vinaachana, na jinsi vilivyokutanishwa. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye maana kubwa kwa msomaji, kwa sababu si upepo wala mvua iliyoipeleka kutu hiyo Amerika. Ilipelekwa na watu, tena watu wenye nia njema waliotaka kupanda miti.

MTI WENYEWE

Msonobari mweupe, ambao wataalamu huuita Pinus strobus, asili yake ni mashariki ya Marekani na Kanada. Wasomaji wetu wa Turbo na Londiani wamezoea kuona misonobari ya namna nyingine, iliyoletwa Kenya ipandwe kwa ajili ya mbao na karatasi. Basi msonobari mweupe ni ndugu wa miti hiyo. Majani yake ni membamba kama sindano, nayo huota matano matano katika kila kifungu. Hiyo ndiyo alama ya kuutambua, na pia ndiyo alama ya msiba wake, kwa maana kutu tunayoieleza hushambulia misonobari ya ukoo huo wa majani matano.

Mti mzima hufika urefu wa mita 30 mpaka 45, na zamani ilikuwapo iliyopita mita 50. Usipokatwa huishi miaka 200 na zaidi, na mingine imefika hata 400. Shina lake hunyooka kama mshale, na mbao zake ni nyepesi na rahisi kuranda. Watu wa pwani, wanaojua thamani ya mlingoti mzuri wa jahazi, wataelewa kwa nini mti huu uligombaniwa. Hati ya Kiingereza ya mwaka 1691 iliyohusu koloni la Massachusetts iliamuru kwamba misonobari yenye kipenyo cha inchi 24 na zaidi, iliyokuwa katika ardhi isiyo na mwenyewe, iwekwe kwa ajili ya milingoti ya manowari za Mfalme. Miti hiyo ilitiwa alama ya mshale kwa shoka. Wenyeji walichukizwa sana, na mwaka 1772 watu wa mji wa Weare, huko New Hampshire, waliwapiga maofisa waliokuja kumkamata mtu kwa ajili ya miti hiyo.

KUTU NI KITU GANI?

Kutu ya msonobari mweupe huitwa na wataalamu Cronartium ribicola. Ni kuvu, yaani ni wa jamii moja na uyoga na ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Zamani kuvu zilihesabiwa kuwa mimea. Siku hizi imejulikana kwamba si mimea kabisa, na kwamba kwa asili zina ujamaa wa karibu zaidi na wanyama kuliko na miti.

Mwili wa kutu ni nyuzi nyembamba mno, ambazo haziwezi kuonekana ila kwa hadubini. Nyuzi hizo hupenya ndani ya jani na gome, zikapita katikati ya chembe hai za mti, na kufyonza chakula kilichokwisha kutengenezwa na mti wenyewe. Kutu haina mbegu kama mahindi au maharagwe. Huzaa kwa vumbi. Kila punje ya vumbi hilo ni ndogo hivi kwamba punje kama 40 zikipangwa mstari mmoja zajaza upana wa milimita moja tu.

MAMBO WANAYOFANANA

Mtu aweza kudhani kwamba jitu kama lile na vumbi kama hili havina jambo lolote la kufanana. Sivyo. Kwanza, vyote viwili havina miguu. Mti husimama mahali ulipoota, na kutu hukaa katika tawi ilimoingia. Watoto wao tu ndio wasafirio.

Pili, vyote huutegemea upepo. Baridi ya kule ikiisha, msonobari humwaga vumbi la manjano, nalo huchukuliwa na upepo mpaka kwenye matunda machanga, yapate kushika mbegu. Kutu nayo, katika majira yayo hayo, humwaga vumbi la manjano kutoka katika gome la mti mgonjwa. Mgeni apitaye msituni aweza kujipangusa vumbi begani asijue kama ni uzazi wa mti au ni uzazi wa adui yake.

Tatu, vyote hupenda baridi na unyevu. Hali ya hewa inayoustawisha mti ndiyo hiyo hiyo inayoistawisha kutu, kwa hiyo mti hauwezi kumkimbia adui huyu kwa kwenda mahali pamfaapo.

MAMBO WANAYOACHANA

Tofauti ya kwanza ni ya chakula. Msonobari una majani ya kijani, na kwa mwanga wa jua, maji na hewa hujitengenezea chakula chake mwenyewe. Kutu haina kijani. Haiwezi kujipatia hata tonge moja, ila kwa kumnyonya mwingine. Tena haili maiti. Uyoga uotao juu ya gogo hula mti uliokufa, lakini kutu yataka mwenyeji aliye hai. Tawi likifa, kutu iliyomo ndani yake hufa pia. Ni mwivi ambaye nyumba anayoiiba ndiyo kaburi lake, na ili asipotee kabisa hana budi kuwatoa watoto wake nje kabla nyumba haijaanguka.

Tofauti ya pili ni ya uzazi. Tunda la msonobari huchukua miaka miwili kukomaa, na mavuno mazuri ya mbegu huja mara moja tu katika miaka mitatu mpaka mitano. Mti hautegemei haraka. Wategemea maisha marefu. Kutu haina maisha marefu ya kutegemea, bali hutegemea wingi. Katika kiangazi kimoja huzaa vizazi kadhaa mfululizo, na punje nyingi kupita hesabu. Hata zikipotea karibu zote, moja ikaangukia mahali pafaapo, kazi imekwisha kufanyika.

Tofauti ya tatu ndiyo iliyowashangaza zaidi wataalamu. Msonobari una makao mamoja tangu kuota hata kufa. Kutu ina nyumba mbili.

NYUMBA MBILI ZA KUTU

Vumbi litokalo katika msonobari mgonjwa haliwezi kuambukiza msonobari mwingine, hata ukiwa umesimama bega kwa bega na ule wa kwanza. Lazima kwanza liende katika mmea wa namna nyingine kabisa, nao kwa kawaida ni kichaka kiitwacho ribesi, kizaacho matunda madogo meusi au mekundu ambayo watu wa nchi za baridi huyapika jamu. Safari yenyewe ni kama hivi:

1. Baridi inapokwisha, gome la msonobari mgonjwa hutoka malengelenge meupe. Malengelenge yakipasuka hutoa vumbi la rangi ya machungwa. Vumbi hili ni gumu, na laweza kuchukuliwa na upepo mamia ya kilomita mpaka likafika kwenye kichaka cha ribesi.

2. Katika majani ya ribesi kutu hufanya madoa ya manjano upande wa chini. Madoa hayo hutoa vumbi jingine, ambalo huenea kutoka ribesi hata ribesi katika kiangazi chote.

3. Kiangazi kinapoelekea mwisho, chini ya majani hayo huota vinyweleo vya rangi ya udongo. Hivyo ndivyo vitoavyo vumbi la kurudi msonobari. Vumbi hili ni dhaifu. Hukauka upesi, na kwa kawaida haliendi mbali zaidi ya mita 300.

4. Likianguka juu ya jani la msonobari wakati wa baridi na unyevu, huingia ndani, kisha kutu hutambaa polepole kutoka jani mpaka tawi, na kutoka tawi mpaka shina. Baada ya miaka miwili mpaka minne malengelenge hutokea, na mzunguko huanza upya.

Kutu ikilizunguka shina pande zote, sehemu yote iliyo juu ya hapo hukauka. Mche mdogo hufa katika muda mfupi, kwa sababu jani na shina ni karibu karibu. Mti mkubwa waweza kuugua miaka mingi kabla haujashindwa. Kwa hiyo hasara kubwa zaidi ya msitu si wazee wanaokauka kileleni, bali ni watoto wasiokua kushika mahali pa wazee.

JINSI WALIVYOKUTANISHWA

Zamani msonobari mweupe na kutu hii havikujuana kabisa. Kutu asili yake ni Asia, ambako misonobari ya majani matano imeishi nayo kwa karne nyingi na kuzoea kuistahimili. Msonobari mweupe ulikuwa ng'ambo ya bahari, na kwa kuwa haukuwahi kumwona adui huyu, haukuwa na kinga.

Mwanzoni mwa karne ya 18 msonobari mweupe ulipelekwa Ulaya na kupandwa Uingereza, kisha katika nchi nyingine. Ulistawi, na watu wakaupenda. Lakini mwaka 1854 ugonjwa wa malengelenge ulionekana katika nchi za kando ya Bahari ya Baltiki, na kabla ya karne ile kwisha ulikuwa umeenea sehemu nyingi za Ulaya. Mgeni wa Amerika alikuwa amekutana na mgeni wa Asia katika shamba la mtu wa tatu.

Wakati huo huo, huko Marekani misitu mikubwa ilikuwa imekatwa. Wenye busara walisema, na tupande tena. Lakini vitalu vya kwao vilikuwa vichache, na miche ya Ulaya ilikuwa rahisi kwa bei. Basi wakaagiza miche ya mti wao wenyewe kutoka ng'ambo. Ni kama mtoto aliyepelekwa ugenini, akarudi nyumbani na maradhi ambayo jamaa zake hawajapata kuyaona.

Mwaka 1906 kutu ilionekana katika vichaka vya ribesi mjini Geneva, jimbo la New York. Mwaka 1909 ikagunduliwa katika miche ya misonobari iliyotoka Ujerumani. Upande wa magharibi, miche 1,000 kutoka Ufaransa ilishushwa Vancouver, nchi ya Kanada, mwaka 1910. Miche hiyo haikuwa ya kutosha hata kufanya msitu mdogo. Ugonjwa ulipogunduliwa huko mwaka 1921, ulikuwa umekwisha kuenea mbali, na misitu mikubwa ya misonobari ya milima ya magharibi ilikuwa mbele yake.

VITA VYA KUIZUIA

Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria ya kukagua na kuzuia mimea inayotoka nchi za nje, na amri ya kwanza kabisa chini ya sheria hiyo ilihusu kutu ya msonobari mweupe. Ilikuwa sheria njema, lakini mlango ulifungwa mwivi akiwa amekwisha kuingia.

Ndipo wakasema, ikiwa kutu ina nyumba mbili, na tubomoe moja. Kwa muda wa miaka mingi, hasa katika miaka ya 1930, maelfu ya vijana walitumwa msituni na majembe kung'oa ribesi. Kulima ribesi nako kulikatazwa. Mashariki ya nchi, ambako mabonde ni wazi na vichaka ni vichache, kazi hiyo ilisaidia. Lakini katika milima ya magharibi haikufaulu. Kipande cha mzizi kilichobaki kiliota tena. Mbegu zilizolala ardhini ziliamka baada ya miaka mingi. Na vumbi liendalo mamia ya kilomita halikuhitaji zaidi ya vichaka vichache vilivyosahauliwa. Katika miaka ya 1960 kazi hiyo iliachwa, na katazo la Serikali kuu juu ya kulima ribesi liliondolewa mwaka 1966, ingawa baadhi ya majimbo yaliendelea na sheria zao.

Njia iliyoleta matumaini zaidi ilitoka kwa mti wenyewe. Katika misitu iliyoharibiwa, watu waliona kwamba mti mmoja mmoja ulibaki mzima katikati ya maiti za wenzake. Mwaka 1950, katika jimbo la Idaho, wataalamu walianza kuichagua miti hiyo, wakaichavusha mmoja kwa mwingine na kupanda mbegu zake. Miche ikiota huwekwa katika chumba chenye baridi na unyevu, na majani ya ribesi yenye ugonjwa huwekwa juu yake ili vumbi liiangukie. Itakayosalia baada ya jaribio hilo ndiyo hufanywa wazazi. Kazi yataka subira, kwa kuwa kizazi cha msonobari si kizazi cha kuku. Na kutu haikulala. Huko California imepatikana aina iliyoweza kushinda kinga ya namna moja ya msonobari. Mwezi wa Desemba 2022, msonobari mwingine wa majani matano uotao katika vilele vya milima ya magharibi uliandikwa na Serikali ya Marekani katika orodha ya viumbe walio hatarini, na kutu hii ni sababu mojawapo iliyo kubwa.

MAMBO HAYA YATUHUSU NINI?

Msomaji aweza kusema, hayo ni ya Amerika, sisi Kenya hatuna msonobari mweupe. Lakini afikiri kidogo. Kahawa, ngano na mahindi, saipresi na misonobari, vyote ni wageni waliokuja nchi hii kwa mikono ya watu, na maadui zao waweza kuwafuata kwa njia ile ile.

Saipresi ya kwanza kupandwa kwa wingi nchini iliingiwa na ugonjwa wa kidonda cha shina, ikabidi mahali pake pashikwe na namna nyingine. Msonobari uitwao radiata nao ulishambuliwa na kuvu ya majani, na katika miaka ya 1960 ukaacha kupandwa. Mwaka 1990 vidukari vya saipresi, ambavyo vilikuwa vimeonekana Malawi mwaka 1986, vilifika Kenya na kukausha ua za watu wengi pamoja na misitu. Na kutu ya ngano je? Mwaka 1998 aina mpya ilionekana Uganda, ikapewa jina la Ug99. Ilizishinda ngano nyingi zilizokuwa zimeaminiwa kwa miaka mingi, hata ngano za nchi mbalimbali za dunia hupelekwa Njoro zijaribiwe kama zaweza kuistahimili. Kwa upande wa kahawa, aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipatikana kwa njia ile ile ya kuchagua na kuchanganya wazazi wenye kinga.

Basi kila mtu ana sehemu yake katika ulinzi huu. Yafaa kukumbuka mambo manne:

1. Usivushe mpaka na mche, kikonyo wala mbegu bila kibali na ukaguzi. Kazi hiyo ni ya shirika la KEPHIS, ambalo lina kituo cha karantini huko Muguga. Mche waweza kuonekana mzima kabisa huku ugonjwa umelala ndani ya gome, kama ilivyokuwa kwa ile miche ya Vancouver.

2. Nunua miche katika kitalu kinachojulikana, na uikague kabla ya kuipanda. Mche wa bei ndogo waweza kuwa ghali kuliko yote.

3. Usipande shamba zima au ua wote kwa mti wa namna moja. Adui akija, asikute meza imeandaliwa.

4. Ukiona madoa, vidonda, malengelenge au vumbi ambalo hukulizoea, mpe habari Bwana Shamba au afisa wa misitu mara moja. Usingoje mpaka jirani naye aone.

Msonobari mweupe haukukosa nguvu. Ulistahimili theluji, tufani na mashoka kwa karne nyingi. Uliyoshindwa kuyastahimili ni maradhi yaliyoletwa mlangoni pake ndani ya kifurushi cha miche, na yule aliyekileta alikuwa rafiki yake. Nasi tupandao miti, ukaguzi wa dakika chache kabla ya mche kushushwa ardhini waweza kuokoa kazi ya miaka mingi.